Mashua Iliyozamishwa Ufukweni

“Zamisha mwenyewe, ziwa lisikuzamishie.” Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Nyakwesi leo asubuhi, alipomkuta anajiandaa kwenda kufundisha darasa lake la kwanza bila kulijaribu somo hilo mbele ya mtu yeyote. Nyakwesi amenuna, nanyi mmekuja kuniuliza msemo huo umetoka wapi, maana vitabuni hamjauona. Haukutoka mbali. Ulitoka hapa hapa Busanga, na mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Jumatatu moja ya kiangazi, lori la mizigo liliharibika kwenye mteremko wa kuingia kijijini, na mwanamke mmoja asiyejulikana na mtu akashuka na madumu sita ya mawese. Jua lilikuwa kali. Aliangaza huku na huku, akaona banda kubwa la mabati, akaliendea.

“Hodi wenyewe,” alisema, akiwa ameshaingia na dumu la kwanza. “Mawese yangu yanaungua. Nipeni kivuli mpaka lori litengenezwe.”

Banda lilikuwa la Maregesi, seremala wa milango na vitanda. Lakini mle ndani haukuwamo mlango wala kitanda cha kuuza. Ilikuwamo mashua. Si mtumbwi kama mliouzoea ninyi. Ilikuwa mashua ya tanga, urefu wake hatua saba, na katikati yake kulijengwa chumba kidogo chenye paa. Chumba hicho hakikuwa na dirisha, ila matundu ya hewa karibu na paa. Ndani kulikuwa na kitanda cha mtu mmoja, na kuta zilipambwa kwa hadibodi iliyopakwa rangi ya maziwa. Mlango wake ulikuwa wa mvule, nao Maregesi aliuchonga maua kuzunguka kingo zote nne. Nje mashua ilikuwa ya bluu, na ubavuni iliandikwa kwa herufi nyeupe: KAVU DAIMA.

Aliijenga peke yake miezi kumi na mmoja, jioni baada ya kazi za watu. Kabla ya hapo hakuwahi kujenga chombo cha majini. Alipima mitumbwi ya wavuvi kwa kamba, na yale asiyoyajua aliyaamua kwa akili ya milango.

Sababu ya kujenga chumba kile ilikuwa mama mkwe wake, Bibi Nyabise, aliyeishi kisiwani Kirio, ng'ambo ya pili. Miaka kumi na tisa kabla ya hapo ziwa lilimchukulia mume na watoto wawili wa kiume kwa siku moja. Tangu siku hiyo aliapa kutolitazama tena. Aliliziba kwa udongo dirisha la upande wa ziwani, akawa anateka maji kwenye chemchemi iliyo nyuma ya kilima. Anayekaa kisiwani halafu hataki kuona maji huwa na kazi kubwa kila siku, naye aliifanya kazi hiyo bila kuchoka.

Sasa dada yake, Nyasinde, aliyeolewa hapa Busanga, alikuwa mgonjwa. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, na mganga wa zahanati alikataza asipandishwe chomboni. Hawakuwa wameonana miaka yote kumi na tisa. Nyasinde alikuwa akimuuliza kila anayeingia kama dada yake amefika. Watu walimshauri Nyabise avushwe huku amefunikwa uso kwa shuka. Alijibu kwamba anayefunikwa uso ni maiti, na yeye bado anakula.

Ndipo Maregesi akamtumia maneno kwa kinywa cha mke wake, Nyangeta, kwamba atamjengea chumba juu ya maji. Ataingia humo, mlango utafungwa, na hautafunguliwa mpaka mbele yake pawe na nchi kavu. Hataliona ziwa hata kidogo. Bibi alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akasema, “Mwambieni mkwe nimekubali. Nikiliona, sitamsamehe.” Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile aliyoingia mgeni wa mawese.

Mgeni alipomaliza kupanga madumu yake, aliizunguka mashua mara mbili, mikono nyuma.

“Imeshaingia majini hii?”

“Haijagusa hata tone,” alijibu Maregesi, na alijibu kama mtu anayesifiwa. “Mbao zake nilizikausha miezi minne kabla ya kuzipiga randa. Ubao mbichi hupinda, mama. Mimi sitaki kazi inayopinda.”

Mwanamke alichomoa unyasi kwenye ufagio uliokuwa pembeni, akauweka kati ya mbao mbili za ubavuni, karibu na chini kabisa, akausukuma kwa kidole. Unyasi ukaingia wote. Akachomoa wa pili, akaenda hatua tatu mbele, nao ukaingia.

“Hapo nilitia puti ya kuziba,” alisema Maregesi.

“Puti imekauka, imepasuka, imekuachia mlango. Naitwa Mwamini, natoka Kigoma. Baba yangu alikuwa fundi kalafati. Aliziba nyufa za mashua za watu kwa pamba na mafuta, mpaka vidole vyake vikakataa kunyooka. Mwanangu, umetengeneza kabati zuri sana. Ukilitia majini litazama na wewe ndani.”

“Basi nitatia pamba leo leo.”

“Usithubutu. Ubao mkavu ukinywa maji huvimba. Ukiubana sasa, ukivimba utakosa pa kwenda. Utasukumana na mwenzake mpaka misumari ing'oke. Kila ufa hapa ni nafasi ya ubao kunenepa. Huo usiuguse.”

“Sasa nifanye nini?”

“Izamishe.”

Nyangeta, aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni mwa banda, alicheka. Aliacha kucheka alipomwona mgeni usoni.

“Izamishe hapa hapa ufukweni, maji ya kiunoni,” aliendelea Mwamini. “Ijaze mawe ikae chini. Siku nne inywe mpaka ishibe, ndipo uitoe. Zamisha mwenyewe, ziwa lisikuzamishie.”

“Na kitanda?” aliuliza Nyangeta. “Na hizo kuta za ndani?”

“Hadibodi itakuwa uji, mama. Rangi itavimba malengelenge. Sikudanganyi.”

Maregesi aliweka chini msasa aliokuwa ameushika. “Mama, kivuli nimekupa kwa moyo mweupe. Mashua niachie.”

“Nimekuachia,” alisema Mwamini, wala hakuonekana kukasirika. Baada ya saa moja lori lilipiga honi. Alibeba madumu yake, akashukuru, akaenda zake, na Busanga haikumwona tena.

Mtashangaa kwa nini wavuvi wetu hawakumwambia jambo hilo. Ukweli ni kwamba hawakulijua. Wao hujenga kwa mbao zilizopasuliwa juzi, zikiwa bado mbichi, tena hujenga mchangani, na chombo kikimalizika kinalala majini mpaka kinapooza. Chombo kilichokaa mwaka mzima chini ya bati la moto kilikuwa hicho kimoja tu. Kosa lile lilihitaji seremala wa milango, na tena seremala hodari. Mvivu asingekausha mbao miezi minne.

Mgeni alipoondoka, Maregesi alikaa kwenye benchi lake la kazi akitazama nyasi mbili zilizosimama kwenye ubavu wa bluu. Kisha alichota ndoo ya maji, akapanda, akaimwaga ndani ya mashua. Alishuka, akachuchumaa chini yake. Maji hayakudondoka tone tone. Yalitoka kwa mistari, kama pazia la shanga, na kabla hajahesabu mia moja ndani pakawa pakavu kama mwanzo.

“Yanakotoka ndiko yatakakoingilia,” alisema.

“Baba Musira,” Nyangeta alimwambia mumewe, “ukiizamisha, mama ataingizwa kwenye chumba kinachonuka tope. Nilimwambia ni cheupe kama cha hospitali. Yule akipata sababu moja ndogo ya kukataa, atakataa. Na mama mdogo Nyasinde hana wiki nyingi.”

“Na nisipoizamisha?”

Nyangeta aliendelea kupepeta. Kisha akauliza, “Mawe yako wapi?”

Jumanne asubuhi waliisukuma mashua juu ya magogo mpaka majini. Watu walikuja wamevaa vizuri, wakidhani ni sherehe ya uzinduzi. Walichokiona ni fundi akipakia mawe ndani ya chombo kipya, jiwe baada ya jiwe, huku maji yakipanda juu ya godoro alilosahau kulitoa. Kufikia adhuhuri kilichoonekana juu ya maji kilikuwa mlingoti, paa la chumba, na nusu ya mlango wenye maua. Maneno KAVU DAIMA yalisomeka chini ya maji, yakitikisika.

Mvuvi mmoja aitwaye Mafuru, mtu wa utani, alipita na mtumbwi wake akasimama.

“Fundi, pole na msiba. Marehemu alikuwa na umri gani?”

“Anakunywa tu,” alisema Maregesi.

“Ah, ni mlevi. Basi tusimsumbue.” Mafuru akaendelea kupiga kasia. “Ukimaliza vitanda ulivyonavyo, vyangu nitavileta mwenyewe uvizamishe.”

Siku nne zile kila mpita njia alikuwa na neno. Watoto walitunga wimbo. Mteja mmoja alikuja kuuchukua mlango wa nyumba yake kabla haujakamilika, akasema ataumalizia kwingine. Nyangeta alipomuuliza mumewe kwa nini hamjibu mtu, Maregesi alisema hana la kujibu, kwani hata yeye hajui kama yule mama wa mawese alisema kweli. Aliuamini unyasi na ndoo. Zaidi ya hapo hakuwa na ushahidi.

Ijumaa jioni waliondoa mawe na kuyachota maji. Ndani palikuwa kama alivyoambiwa. Hadibodi ilivimba ikadondoka vipande vipande, ikabidi ikwanguliwe kwa jembe. Kitanda kilijaa mchanga. Rangi ya bluu ilitoka malengelenge, na yalipopasuka mashua ikawa na madoa kama mtu aliyeugua ndui. Maregesi alipitisha kidole kati ya mbao za ubavuni, mstari mmoja baada ya mwingine. Akachukua unyasi, akajaribu pale pale pa Jumatatu. Unyasi ukakunjika.

Likabaki jambo moja. Mlango nao ulikuwa umekunywa, ukanenepa, haukuingia tena kwenye fremu yake. Ulibaki wazi upana wa viganja viwili, na kwa nafasi ile mtu aliyelala kitandani angeliona ziwa lote. Fundi mwingine angesema ukauke kwanza. Maregesi hakuwa na siku ya kungoja. Aliung'oa, akaulaza juu ya benchi, akashika randa. Maua aliyoyachonga miezi miwili yalikuwa kwenye kingo, na kingo ndizo zilizotakiwa kupungua. Aliyapiga randa yote ya pande tatu, yakaanguka chini yamejikunja. Kisha akaurudisha mlango, akausukuma. Ukafunga.

Jumamosi waliondoka alfajiri, yeye na mkewe, tanga limejaa upepo wa nchi kavu. Hakuna aliyewasindikiza. Maji yaliyoingia njia nzima Nyangeta aliyachota kwa kikombe, mara mbili tu.

Kirio walifika jua likiwa limepanda kidogo. Maregesi aliigeuza mashua kwa miguu, amesimama majini, mpaka upande wa nyuma, ulikokuwa mlango wa chumba, ukatazama nchi kavu. Kisha alikwenda kusimama mbali, kisogo kimeelekea watu. Mnajua desturi yetu. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, wala hakai naye chumba kimoja. Hata maneno yao hupita kwa mtu wa tatu.

Bibi Nyabise alishuka kutoka kwake kinyumenyume. Aliushika mkono wa binti yake, uso wake ukikitazama kilima muda wote, akapapasa njia kwa visigino mpaka akafika mchangani. Pale akagusa ubavu wa mashua kwa nyuma, bila kugeuka, akakwangua rangi iliyovimba kwa ukucha. Akanusa vidole vyake.

“Nyangeta, hiki ndicho chumba cheupe?”

“Kilikuwa cheupe, mama.”

“Kinanuka kama samaki aliyesahauliwa. Mwambie mkwe wako—” akajisahihisha, “mwambie mume wako nimeona juhudi yake. Mimi narudi.”

Maregesi aliyasikia yote akiwa kule mbali. Alimwachia mkewe, na Nyangeta, ambaye kutwa kucha alikuwa akitafuta uongo mzuri wa kumwambia mama yake, hakuupata hata mmoja.

“Mama, kilizama,” alisema. “Kilikaa siku nne chini ya maji.”

“Kilizama na nani?”

“Bila mtu. Alikizamisha mwenyewe makusudi, mbao zivimbe zifunge. Kijiji kizima kimemcheka. Aliambiwa zamisha mwenyewe, ziwa lisikuzamishie.”

Watu wa Kirio waliokuwa wamekusanyika walingoja aanze kupanda kilima.

“Kwa hiyo chombo hiki kimeshazama,” alisema taratibu.

“Ndiyo, mama.”

“Na kikatoka.”

“Kikatoka.”

“Cha baba yako kilikuwa kizuri sana. Kipya, kinang'aa.” Akapapasa tena nyuma yake mpaka akapata fremu ya mlango. “Nishike kiuno, nisijigonge.” Akaingia kinyumenyume, akaketi kitandani, Nyangeta pembeni yake, na mlango ukafungwa. Maregesi aliusikia ukifunga, ndipo akageuka.

Walipofika katikati ya ziwa, mbingu ziliharibika upande wa kusini. Dhoruba zetu za mchana mnazijua, huwa hazitoi hodi. Upepo uliipiga mashua ubavu, mawimbi yakapanda juu yake mara tatu, na chumbani Nyangeta akamshikilia mama yake kitandani. Maregesi aliteremsha tanga, akaushikilia usukani kwa mikono na magoti. Mbao zililia. Hakuna ubao uliofunguka. Maji yaliyobaki ndani baada ya dhoruba yalikuwa yale yaliyoingia kwa juu, na aliyachota yote kwa ndoo.

Kisha upepo ukafa kabisa, ikabaki mvua. Mvua ile ilikuwa na baridi na mawe madogo ndani yake, na haikuwa na haraka. Hapakuwa na tanga la kuongoza wala wimbi la kukwepa. Hapakuwa na kazi yoyote nje. Maregesi alikaa nyuma, amevaa shati moja, meno yakigongana, wala hakuwa na cha kujifunika, kwa sababu kila kilicho kikavu alikuwa amekiweka chumbani kwa ajili ya mama mkwe.

Chumbani, Bibi Nyabise aliyasikia yale meno.

“Mwambie aingie,” alimwambia binti yake.

“Baba Musira, mama anasema uingie.”

“Mwambie mama ashukuriwe. Niko salama.”

“Hayuko salama, anatetemeka mpaka kitanda kinacheza. Mwambie kwamba leo mambo ya ukwe tuyaweke pembeni. Mungu ameona hali ilivyo.”

Nyangeta hakupata nafasi ya kulipeleka neno hilo. Maregesi alijibu mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka saba ya ndoa yake kusema na mama mkwe moja kwa moja.

“Si ukwe, mama. Nikifungua hapa, utaliona. Kila upande ni ziwa.”

“Nitafumba macho.”

“Sikukuahidi kwamba utafumba macho. Nilikuahidi mlango utafunguliwa mbele ya nchi kavu.”

Kisha bibi akaanza kumsimulia mtu aliye nje, kupitia ule mlango, habari za mume wake: alikuwa mtu wa namna gani, aliimba vibaya kiasi gani, na asubuhi ile aliaga vipi. Nyangeta anasema hakuwahi kuzisikia kabla ya hapo. Alisimulia mpaka mvua ikapungua na upepo mdogo ukarudi, na Maregesi akapandisha tanga kwa vidole ambavyo havikuhisi kamba.

Walifika Busanga alasiri. Ndugu na majirani walikuwa ufukweni, Mafuru miongoni mwao, kwa kuwa dhoruba waliiona na walikwisha kuanza kuhesabu saa. Nyasinde alikuwa amebebwa pamoja na kiti chake mpaka mchangani, kwa amri yake mwenyewe.

Mashua iligusa mchanga kwa mbele. Mlango, basi, ulikuwa unatazama ziwa. Mafuru alipanda haraka aufungue, wamtoe mzee.

“Acha,” alisema Maregesi.

Aliruka majini, yakamfika kifuani. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba mara ya kwanza mikono yake iliteleza. Mafuru alishuka kumsaidia bila kuuliza. Waliirudisha mashua nyuma, wakaizungusha polepole, nusu duara nzima, mpaka upande wa mlango ukatazama mchanga na watu. Maregesi akapanda, akafungua, na akageuzia uso wake ziwani.

Bibi Nyabise alitoka akitembea mbele, kama watu wote. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa dada yake.

Nyasinde aliishi siku kumi na tatu baada ya hapo, na zote walikaa pamoja. Maregesi aliugua homa ya mapafu, akalala zahanati siku tisa. Alipotoka alimkuta Mafuru na wengine watatu wakipakia mawe kwenye mtumbwi mpya waliouunda kwa mbao kavu zilizobaki bandani kwake, na mtu wa pembeni akiwacheka. Mafuru ndiye aliyemjibu huyo mtu, wala hakumjibu kwa maneno yake. Alimjibu: “Zamisha mwenyewe, ziwa lisikuzamishie.”